Kitabu cha Mvua cha Mfukua Mifupa

Jumamosi, 6 Mei 1989
Mvua: 12

Kitabu hiki nimepewa na mpwa wangu Lai-kwan, mtoto wa marehemu dada yangu. Yeye ni injinia wa serikali, kazi yake kuiangalia miteremko ya Hong Kong isije ikaporomokea watu. Kitabu ni cha ofisini kwao: kila siku ina ukurasa wake, na juu kabisa pana mstari wa kuandika mvua. Amenifungia na kopo lenye alama za milimita ubavuni kwenye uzio wa kibanda changu. Kila asubuhi saa tatu nisome maji yamefika alama gani, niandike, nimwage. Mteremko ulio juu ya makaburi yetu una ufa, naye hauamini.

"Na nafasi inayobaki, Mjomba, andika unachotaka," akasema. "Hadithi zako zote zimwage humo. Mimi nitasoma tarakimu tu."

Basi ajulikane anayeandika. Mimi ni Mok Tin-yau, miaka hamsini na mitatu. Shule nilifika darasa la nne. La tano nililikataa mwenyewe, mwalimu alikuwa anaanza kuniogopa. Kazi yangu kufukua. Serikali humpa maiti miaka sita tu kwenye makaburi haya ya mpakani, ambako ukisimama mstari wa mwisho unaiona China ng'ambo ya mto. Miaka ikiisha, jamaa zake wananiita. Nafungua sanduku, nasafisha mifupa, naipanga mtungini, miguu chini kichwa juu, kama mtu aliyechuchumaa anaota moto. Nimekwisha kufukua watu elfu kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Dada yangu Yuet-ngo yuko mstari wa tisa. Miaka yake inaisha Oktoba. Huyo nitamtoa mwenyewe, na mwavuli atashika binti yake, maana mifupa haitakiwi kuona jua.

Jumapili, 7 Mei
Mvua: 900

Mvua ya kutisha. Nimeona chura amepanda mti.

Jumamosi, 13 Mei
Mvua: 0

Lai-kwan amekuja na penseli yake kukagua. Kila tarakimu anayoikubali anaiwekea alama ya vema pembeni. Alipofika tarehe saba akasimama.

"Mjomba, hii nini?"

"Mvua."

"Mia tisa? Mia tisa ikinyesha hapa kwa siku moja, mimi na wewe na hawa wote uliowafukua tungekuwa baharini tunaelea."

"Ilikuwa nyingi, mwanangu. Mimi nakaribia tu."

"Hukaribii, unaruka." Alikuwa anacheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Mwaka ule wa sabini na mbili mlima ulishuka ukazika watu majumbani mwao. Nilikuwa na miaka kumi, Mama alinishika mkono tukaangalia wanavyochimbwa. Kwenye tarakimu usinidanganye. Kwingine kote danganya utakavyo, nimezoea."

Nimeapa kwa jina la mama yake. Nimekata mia tisa nimeandika kumi na nne. Kumi na nne nayo ni kweli.

Jumapili, 21 Mei
Mvua: 88

Tufani. Mama Heung, anayeuza chai na vya matambiko hapa getini, amefunga banda kwa kamba ya meli. Lai-kwan hakukaa nyumbani hata hivyo. Amekwenda mjini kuandamana na maelfu ya watu kwa ajili ya wanafunzi wa Beijing. Upepo umeubeba mwavuli wake. Amenipigia simu koo limemkauka kwa kuimba, ana furaha kama bibi harusi.

Mwavuli wangu mimi, tufani ya mwaka wa sitini na mbili, uliruka mpaka Macau ukarudi kesho yake unanuka kamba wakavu. Sijaona wa kunipita.

Jumapili, 4 Juni
Mvua: 3

Redio inasema Beijing askari wamewapiga risasi watoto.

Mama Heung amezima jiko saa nne asubuhi. Nimepanda mstari wa mwisho nikatazama ng'ambo ya mto. Kulikuwa na mtu anapalilia mboga zake. Sina hadithi leo.

Jumamosi, 10 Juni
Mvua: 21

Lai-kwan amekuja amevaa nguo nyeusi, na mwavuli mpya, mweusi nao, wa mpini wa mwanzi. Ametia vema zake kimya. Nikamwekea uji na yai la chumvi. Akauzungusha uji kwa kijiko mpaka ukapoa.

"Ofisini kwetu," akasema, "kati ya kumi na wanane, kumi na mmoja wamechukua fomu za kuhamia Kanada."

"Na wewe?"

"Ninayo kwenye mkoba."

Nikamwambia mwaka wa tisini na saba, Waingereza watakapoturudisha China, uko mbali, miaka minane, mtu anafukuliwa na kuzikwa tena kwingine ndani ya miaka minane. Hakucheka.

"Tumeandika barua, Mjomba. Chama chetu cha mainjinia wa miteremko. Maswali matatu kwa serikali ya London. La kwanza: Hong Kong ikirudishwa China, vyeti vyetu vitaheshimiwa au tutaanza upya? La pili: malipo yetu ya uzeeni nani atayashika? La tatu ndilo kubwa: mambo yakiharibika, watatufungulia mlango tuingie kwao?"

"Sasa mkishafunguliwa si mtakimbia?"

"Kinyume chake. Mlango ukiwa wazi mtu anakaa ndani kwa amani. Ukifungwa ndipo anavunja dirisha." Akanitazama usoni. "Wakijibu ndiyo kwa maandishi, fomu hii naichana hapa hapa, unaiwashia jiko. Sitaki kwenda. Nani ataujua ule ufa?"

Ana miaka ishirini na saba. Tangu mama yake afe hana mtu ila mimi, na mimi sina mtu ila yeye.

Jumapili, 11 Juni
Mvua: 0

Nimemwambia Mama Heung jambo lile limekwisha. Waingereza wakisema wamesema. Tena mama wa mpishi wa Gavana nilimfukua mimi; nikipenyeza neno jikoni, mezani litafika.

"Hata supu ya huko haijawahi kusikia jina lako," Mama Heung akanijibu.

Ijumaa, 23 Juni
Mvua: 40

Injinia Auyeung Kit-man ametokea kwenye televisheni. Ndiye mwenyekiti wa chama chao, mtu mwenye nywele kama zimepigwa rangi ya kiatu. Alisema: "Hapa ni kwetu. Hatuombi njia ya kukimbia, tunaomba sababu ya kubaki." Nikasimama peke yangu kibandani nikapiga makofi.

Jumamosi, 8 Julai
Mvua: 5

Mkubwa wa London amekuja na ameondoka. Aliwapa dakika kumi na tano, na Lai-kwan alikuwa miongoni mwa wale watano walioingia. Nimemlazimisha anisimulie mara mbili.

Injinia Auyeung alisoma maswali matatu. Mkubwa akatikisa kichwa kwa kila swali, kwa huzuni nzuri, kama anayesikiliza habari za msiba wa jirani. Akasema anaelewa. Akasema nchi yao ndogo, watu wa Hong Kong wengi. Akauliza kama daima kunakuwa na joto hivi.

"Ndiyo hajasema?"

"Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema tutajibiwa kwa barua."

"Barua ni maandishi!" nikasema. "Si ndicho mlichotaka?"

Akanipigapiga begani kama mimi ndiye mtoto.

Jumanne, 11 Julai
Mvua: 17

Hakuna jambo.

Jumatano, 12 Julai
Mvua: 0

Hakuna jambo. Nimemtoa bibi mmoja wa Chiuchow, ana meno yote thelathini na mawili. Miaka tisini na moja! Nikamwambia mwanawe: mama yako alikuwa anakuficha nyama.

Jumatano, 19 Julai
Mvua: 163

Ni kweli. Nimesoma mara mbili.

Lai-kwan kafika saa nne na koti la mvua na buti, amekuja peke yake. Zamani walikuwa wanakuja watatu. Mmoja yuko Sydney, mmoja anasubiri viza. Akapanda mpaka kwenye ufa, nami nikamfuata, nikiteleza kila hatua ya pili. Akapiga magoti, akachota udongo, akauvunja kwa vidole, akaunusa. Ndivyo afanyavyo. Mimi husoma mifupa, yeye husoma udongo. Mwenye masikio ya kusikia atajua ukoo ni mmoja.

"Maji yanapita vizuri hapa chini," akasema. "Mchanga wa mwamba uliooza. Mistari ya katikati haitasimamisha maji kamwe. Ni huku juu tu." Akapigilia vigingi vinne, akavifunga uzi mwekundu. "Uzi ukikatika, usinipigie simu kwanza. Kimbia kwanza. Simu baadaye."

Kisha akashuka mstari wa tisa akafuta tope kwenye picha ya mama yake kwa mkono wa koti.

Nimewaona wanaume wenye nguvu wakiuogopa mlima huu. Yeye aliusimamia kama mama mwenye nyumba.

Jumamosi, 12 Agosti
Mvua: 8

Sijui niandikeje hili. Leo kabla ya Lai-kwan kufika limekuja gari jeusi, akashuka Injinia Auyeung mwenyewe na miwani ya jua.

"Bwana Mok, nasikia wewe ndiye bora kuliko wote."

Nikakubali, maana ni kweli.

"Nataka kumtoa baba. Jumatatu."

Nikatazama daftari la mistari. Baba yake amezikwa mwaka wa themanini na tano. Miaka minne! Nikamwambia hajaiva, mheshimiwa, nyama bado haijaisha, mfupa una wakati wake.

"Sina miaka miwili ya kungoja," akasema. Halafu taratibu: "Na mpwa wako asijue kwa sasa. Watu wa chama wakisikia watavunjika moyo."

Alipokuja Lai-kwan saa sita alinikuta nasugua mtungi uliokwisha kuwa safi. "Una nini leo, Mjomba? Hujaniambia uongo hata mmoja."

Jumatatu, 14 Agosti
Mvua: 30

Nimemtoa mzee Auyeung. Hakuwa ameiva. Sitaandika niliyoyaona. Ilibidi kutumia kisu. Glavu nimezitupa, ndala nimezitupa, nimeoga mara tano kwa majani ya pomelo yanayoondoa nuksi na bado Mama Heung amenipa chai yangu kwa mkono mrefu. Mwanawe alisimama mbali amejifunga kitambaa puani, analia kwa sauti, anamwomba baba msamaha.

Kwa hiyo hotuba nzuri ya televisheni mwisho wake ni huo. Serikali inaulizwa nani atabaki, inahesabu fomu. Ije kwangu. Anayetaka kubaki humwacha baba yake alale.

Nikiwaza hivyo mkono wangu ulisimama. Nimefungua ukurasa wa Oktoba nikaufunga tena.

Alhamisi, 14 Septemba
Mvua: 0

Sikukuu ya mwezi mpevu. Lai-kwan kaleta keki za mwezi, mimi nimevukisha samaki. Habari za Auyeung amezisikia. Mwenyekiti huyo ameondoka wiki iliyopita na mtungi kwenye sanduku la mbao. "Angalau alikuaga wewe," akasema. Nikakata keki.

Barua ya London imefika. Anayo kwa kichwa, akanisomea kama shairi la shule:

"Tumeupokea wasiwasi wenu kwa huruma kubwa. Mambo mliyoyauliza yatazingatiwa kwa wakati unaofaa."

"Halafu?"

"Halafu sahihi."

"Na wakati unaofaa ni lini?"

"Hilo ni swali la nne, Mjomba. Hatukuliuliza."

Nikatafuta la kumfariji. Kwa kawaida maneno hunijia kama nzi kwenye samaki, lakini jana na leo sijui yamekwenda wapi. Nikamwambia barua kama hiyo alipata babu yetu kwa mfalme na kesho yake akapewa kisiwa. Akacheka kwa adabu.

Jumamosi, 30 Septemba
Mvua: 2

Lai-kwan fomu ameipeleka tangu Juni. Hakuichana, aliiweka tu mahali salama, na Kanada imekubali. Toronto. Ndege ni tarehe 25 Novemba.

"Ningekuambia mapema," akasema, "lakini nilikuwa bado naomba wajibu."

Nikasema sawa, mwanangu. Nikasema Toronto naijua, kuna rafiki yangu aliyepigana na dubu kule.

"Nataka niende na Mama." Alikuwa anachora mezani kwa ukucha. "Miaka sita inafika tarehe kumi na mbili. Umtoe, nimbebe. Sitaki alale kwenye mlima ambao hakuna wa kuutazama. Na wewe, Mjomba, nikishakaa vizuri nitakuita."

"Mimi Kanada nitafukua nini? Theluji?"

Tukacheka sana wote wawili, zaidi ya mzaha wenyewe ulivyostahili.

Jumapili, 8 Oktoba
Mvua: 0

Chung Yeung, siku ya kuzuru makaburi. Nguruwe wa kuchoma mia moja wamepita getini. Kila familia inaulizana tarehe za safari juu ya makaburi. Nimechoka.

Jumamosi, 14 Oktoba
Mvua: 0

Siku ilichaguliwa kwenye kalenda: njema kwa kufungua ardhi. Tulikuwa wawili tu. Lai-kwan alisimama kichwani pa kaburi, ameushika mwavuli wake mweusi juu yangu, ameupa sanduku mgongo, kama inavyotakiwa mtoto asimtazame mzazi kabla hajaambiwa. Nikachimba. Nikafikia ubao. Nikaita jina la dada yangu, nikamwambia ni mimi, Tin-yau, usishtuke. Nikainua kifuniko.

Yuet-ngo alikuwa ameiva. Elfu kumi na moja nimewaona, na sasa sitii chumvi, sikupata kuona mifupa mizuri kama ile. Mikavu, misafi, rangi ya tangawizi. Amelala kama alivyolala tukiwa watoto, kichwa kimeinamia bega. Bangili yake ya jedi imekaa juu ya mifupa ya mkono. Nilichotakiwa ni kusema neno moja: "Geuka."

Nikarudisha kifuniko.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Hajaiva. Tumfunike. Mwaka mmoja zaidi, labda miwili. Ofisi ya makaburi wananijua, nitasema nao."

Mwavuli haukutikisika. Kisha akageuka, akaniangalia usoni, akaniangalia mikono.

"Una hakika, Mjomba?"

"Mimi? Watu elfu kumi na moja!"

Akainama akachota udongo kwenye ukingo wa shimo, akauvunja kwa vidole. Ukamwagika kama unga. "Mkavu," akasema.

"Juu mkavu. Chini maji."

Akaukung'uta unga ule mkononi. "Sawa," akasema. Akaukunja mwavuli. Akanisaidia kurudishia udongo, akiupigapiga kwa koleo sawasawa kama anavyofanya kwenye miteremko yake.

Naandika haya kwa sababu kwenye kitabu hiki niliapa. Nilijiambia: mtoto mwema hawezi kuvuka bahari akamwacha mama yake nusu njia. Ataahirisha. Mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja una mambo mengi, labda London wataamka. Nilimtukana mkubwa yule aliyewapa jibu lisilo ndiyo wala hapana. Leo mpwa wangu kaniuliza, nami nimempa "bado."

Jumapili, 15 Oktoba
Mvua: 0

Kitabu nimekihamishia nyumbani, chini ya godoro. Nitamwambia kimelowa.

Mama Heung ananitazama. "Ule mtungi mpya ulioununua, mbona umerudi nao mtupu?"

"Hajaiva."

"Na wewe mbona hukunuka?"

Nikainamia chai yangu.

"Njia ya mwongo fupi, Tin-yau."

Jumamosi, 21 Oktoba
Mvua: 0

Lai-kwan amekuja, hakuuliza kitabu, nami nimemtajia tarakimu kwa mdomo. Nikamwuliza kama ameahirisha safari.

"Hapana, Mjomba. Nafasi ikipita haingoji."

"Na Mama?"

"Mama yupo na wewe."

Nilitaka kusema. Naapa mdomo ulifunguka. Alikuwa amekwishaanza kunieleza namna ya kukaza ule uzi mwekundu.

Ijumaa, 3 Novemba
Mvua: 0

Hakuna jambo.

Jumamosi, 11 Novemba
Mvua: 0

Hakuja, anauza samani. Nimekirudisha kitabu kibandani, maana asubuhi nasahau tarakimu njiani na niliapa.

Jumamosi, 18 Novemba
Mvua: 1

Niliitwa mstari wa kwanza kwa kazi ya ghafla, nikashuka saa nane. Mama Heung akaniambia Lai-kwan alikuja kuniaga, akaningoja kibandani saa nzima, akanywa chai mbili, akaondoka; ana mambo mengi ya kufunga. Amesahau mwavuli wake msumarini.

Nimefurahi. Wazee walisema anayesahau mwavuli atarudi. Au wazee hawakusema, nasema mimi.

Jumamosi, 25 Novemba
Mvua: 0

Uwanja wa ndege wa Kai Tak. Sijaona watu wengi wakilia mahali penye taa nyingi hivyo. Nilivaa suti niliyoivaa kwenye harusi ya dada yangu, vifungo viwili havifiki.

"Ulisahau mwavuli," nikamwambia.

"Najua." Akanikaza kola. "Nimekuachia. Utakufaa."

"Nina miavuli mitano."

"Imetoboka yote. Mjomba, endelea kupima mvua, hata asipokuja mtu kusoma."

"Nitapima."

"Tarakimu za kweli."

"Za kweli."

Akanikumbatia. Watu wetu hawakumbatiani, sikujua mikono niiweke wapi. Aliponong'ona sikusikia vizuri kwa kelele ya tangazo. Nadhani alisema nisikae peke yangu. Akapita mlango wa kioo, akageuka mara moja. Nikampungia kofia kama mfalme, nikamchekea, nikapiga na saluti, wapumbavu wote wakanitazama.

Jumapili, 26 Novemba
Mvua: 0

Jumatatu, 27 Novemba
Mvua: 0

Jumamosi, 2 Desemba
Mvua: 0

Siku yake ya kukagua. Hajaja mwingine kutoka ofisini kwao; nimepiga simu, wamesema mteremko huu hauna mtu kwa sasa, niache jina.

Nikakaa nikapekua kitabu nyuma, nizione tu zile vema zake za penseli. Mei, Juni, Julai. Siku ya ile mvua ya mia moja sitini na tatu alitia vema mbili. Septemba. Oktoba tarehe saba, vema. Hiyo ndiyo Jumamosi ya mwisho aliyokagua kwa mkono wake; baada ya hapo kitabu nilikificha, kwa hiyo mbele pawe peupe.

Hapakuwa peupe.

Tarehe nane, vema. Tisa, vema. Zote, mstari kwa mstari, mpaka tarehe 18 Novemba, siku ile aliyoningoja saa nzima na chai mbili. Mimi niliyekificha ndiye niliyekitundika tena msumarini, na akili yangu ya darasa la nne haikukumbuka ukurasa wa katikati.

Tarehe 14 Oktoba. Mvua: 0. Pembeni, vema. Ndogo, safi, kama zile nyingine. Chini yake maneno yangu yote, mifupa rangi ya tangawizi, kichwa kilichoinamia bega, na mbio za uongo wangu. Hakukata hata neno. Hakuandika kitu. Aliweka vema, akageuza ukurasa, akaendelea na mvua ya kesho yake.

Tena alijua tangu siku ile. Udongo ulimwagika kama unga mkononi mwake, na udongo yeye husoma kama mimi nisomavyo mfupa.

Nimetazama msumari. Mwavuli haukusahauliwa. Angeweza kudai mama yake siku ile ile, bado kulikuwa na wiki nzima. Hakudai. Aliona mimi ndiye nitakayebaki, akaniachia mama yake na mwavuli wa kumtolea.

Jumapili, 10 Desemba
Mvua: 0

Kalenda inasema siku njema. Nimekwenda mstari wa tisa na jembe, mtungi, na mwavuli wa mpini wa mwanzi. Nilikuwa najaribu kuufunga kwenye mpini wa koleo alipokuja Mama Heung na kipande cha nguruwe wa kuchoma kwenye sahani.

"Mwongo, unahitaji mkono?"

"Hii kazi ya binti."

"Binti ameacha mwavuli, hakuacha mkono. Lete hapa."

Akaushika, akanipa mgongo. Nikachimba. Nikaita jina la dada yangu, nikamwambia ni mimi tena, Tin-yau, unisamehe kwa kukufungulia mlango nikakufungia.

Nimemsafisha kwa pombe ya mchele, mfupa mmoja mmoja. Miguu chini, kichwa juu. Bangili nimeifunga kwa kitambaa pembeni. Hiyo itakwenda Toronto kwa posta pamoja na kitabu hiki, nikishanunua kingine cha mvua. Mtungi umekaa kibandani kwa sasa, umeelekea mlangoni. Nimemwandikia Lai-kwan mstari mmoja tu: Mama yuko tayari, siku yoyote.

Mifupa nimeihesabu mara mbili. Mia mbili na sita, pamoja na ile midogo ya vidole. Sijaongeza hata mmoja.